Filamu za Ubaguzi wa Rangi: Mahali pa Kuangalia

Filamu inaweza kulaani ubaguzi wa rangi kwa maneno makali kabisa huku kamera yake, taa zake na mkasi wa mhariri vikiendelea kubagua. Ndiyo maana watu waliokaa muda mrefu na filamu hizi, kwa kuzitengeneza, kuzionyesha na kuzijadili, hawaanzi na ujumbe. Wanaangalia kamera imesimama upande wa nani, mwanga umemfaa nani, picha za zamani zimetoka mikononi mwa nani, na simulizi imekatwa wapi. Nia njema ya mwongozaji haipigiki picha. Maamuzi yake yanapigika.

Mfano mkubwa ni wa zamani sana. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, filamu ya takriban saa tatu inayowatukuza Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu wabaguzi, na kuwaonyesha Wamarekani Weusi kama watu wa kuogopwa, wahusika wakuu kati yao wakiigizwa na Wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Ilionyeshwa Ikulu mbele ya Rais Woodrow Wilson, chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kikaipinga mji baada ya mji, na mwaka huohuo Klan ikafufuliwa huko Georgia. Nguvu yake haikutoka kwenye hoja, maana hoja yenyewe ni dhaifu. Ilitoka kwenye uhariri wa kupishanisha: msichana aliyezingirwa, wapanda farasi wanaokuja mbio, msichana tena, farasi tena, vipande vikizidi kuwa vifupi. Mtazamaji anajikuta akiomba farasi wafike, na kabla hajafikiri lolote ameshakuwa mshangiliaji wa Klan.

Oscar Micheaux, mwongozaji Mweusi, alitumia mbinu ileile mwaka 1920 katika Within Our Gates na kuipindua. Upande mmoja kundi la Wazungu linainyonga familia ya Weusi. Upande wa pili Mzungu anajaribu kumbaka Sylvia, binti aliyelelewa na familia hiyo, mpaka anapoona kovu kifuani na kutambua kwamba ni mwanawe wa kumzaa. Hakuna farasi wanaokuja kuokoa. Jiji la Chicago lilikuwa limetoka kwenye ghasia za rangi za 1919, na kulikuwa na upinzani mkubwa wa kuiruhusu filamu hiyo kwa hofu kwamba ingechochea nyingine. Nakala zake zilipotea kwa miongo, moja ikaja kupatikana Hispania, na Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, ikaikarabati mwaka 1993. Maandishi ya kwenye skrini katika nakala hiyo yalikuwa ya Kihispania, ikabidi yarudishwe kwenye Kiingereza, kwa hiyo anayeyanukuu asidai kwamba ni maneno ya Micheaux mwenyewe herufi kwa herufi. Zitazameni sehemu za mwisho za filamu hizi mbili kwa kufuatana. Somo zima la uhariri na rangi limo humo.

Kuhusu kamera imesimama upande wa nani, kuna zoezi lisilohitaji zaidi ya karatasi na saa. Chora safu mbili. Chukua dakika kumi za kwanza, kisha dakika kumi za katikati. Kila mara kamera inapoonyesha mtu akitazama kitu, halafu ikaonyesha kile anachokiona, andika ni nani aliyetazama. Katika safu ya pili andika ni uso wa nani unaoonyeshwa jambo la kutisha linapotokea: wa anayetendewa, au wa shahidi anayehuzunika pembeni? Filamu nyingi zenye sifa nzuri hukwama kwenye safu hii ya pili. Mtu Mweusi anapigwa, kamera inakimbilia machozi ya Mzungu mwema.

Cry Freedom ya Richard Attenborough, ya 1987, ni ya kufanyia zoezi hili. Watu huikumbuka kama filamu ya Steve Biko, mwanaharakati Mweusi aliyefia mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini tarehe 12 Septemba 1977. Lakini Biko anakufa karibu na katikati ya filamu, na sehemu kubwa inayobaki inamfuata mhariri Mzungu wa gazeti, Donald Woods, akitoroka nchi na familia yake. Denzel Washington anamwigiza Biko vizuri sana, na orodha ya majina ya waliofia kizuizini inayopita mwishoni bado inauma. Hata hivyo mwenye hofu, mwenye mipango na mwenye kubadilika ni Woods. Linganisha na Mapantsula ya Oliver Schmitz na Thomas Mogotlane, iliyopigwa ndani ya Afrika Kusini kwenyewe na kutoka mwaka mmoja baadaye. Wenye mamlaka walionyeshwa skripti iliyofanana na filamu ya majambazi tu, na watengenezaji wakapata nafasi ya kufanya kazi. Mhusika mkuu, Panic, ni mwizi wa mitaani asiye na habari na siasa. Anafungwa pamoja na wanaharakati, na polisi wanataka asaini karatasi ya kuwasaliti. Hakuna Mzungu wa kumtafsiria mtazamaji maumivu hayo. Panic mwenyewe ndiye anayetazama, na ndiye anayeamua.

Kipimo kingine kinachotajwa sana ni kile alichopendekeza mhakiki Manohla Dargis mwaka 2016 na kukipa jina la mwongozaji Ava DuVernay: je, Weusi na watu wengine wa jamii ndogo wana maisha yao kamili, au ni mapambo kwenye hadithi za Wazungu? Ni chujio zuri la kuanzia, ila wanaokigeuza kuwa hesabu ya mazungumzo ya watu Weusi wao kwa wao hupotea njia. La Noire de... ya Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, ya 1966, ingeanguka kwa hesabu hiyo. Diouana, msichana kutoka Dakar, amefungiwa kwenye nyumba ya waajiri wake huko Antibes, Ufaransa, na hana wa kuongea naye. Lakini sauti yake ya moyoni inasikika karibu filamu nzima. Sisi tunaisikia, mabosi wake hawaisikii, na katika pengo hilo ubaguzi unaonekana wazi kuliko kwenye hotuba yoyote. Uliza basi nani anasikika kwetu, usiishie kuuliza nani anaongea.

Sembène alikuwa na sababu za kushikilia kamera mwenyewe. Amri ya serikali ya Ufaransa ya mwaka 1934, ijulikanayo kwa jina la waziri Laval, ilimtaka yeyote anayepiga filamu katika makoloni ya Afrika apate kibali kwanza; Paulin Vieyra na wenzake wa Kiafrika walipotengeneza Afrique-sur-Seine mwaka 1955, waliipigia Paris. Upande wa Waingereza, William Sellers wa Colonial Film Unit, kitengo kilichoanzishwa 1939, alifundisha kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, hivyo atengenezewe za mwendo wa taratibu, shoti ndefu, bila kuruka mahali wala wakati. Unapoona filamu za elimu za enzi ya ukoloni zikijikokota, ujue kujikokota huko ni nadharia ya rangi iliyogeuzwa kuwa mtindo.

Sasa mwanga, ambapo watu wengi hawategemei kukuta siasa. Kwa miongo kadhaa filamu za kupigia picha za rangi, yaani ule utepe unaowekwa ndani ya kamera, zilitengenezwa, na usahihi wa rangi zake ukapimwa maabara, kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kama Shirley. Ngozi nyeupe ilipotoka vizuri, kazi imekwisha. Watu wawili wa ngozi tofauti wakikaa kwenye picha moja, mmoja alitoka na sura na mwingine akatoka macho na meno. Malalamiko yaliyoisukuma kampuni ya Kodak kuboresha filamu zake hizo hayakutoka kwa wazazi Weusi peke yao. Watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao pia walilalamika kwamba rangi za kahawia hazitofautiani. Mwongozaji Jean-Luc Godard, alipoalikwa na serikali ya Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia Kodak kwa sababu hiyohiyo. Na ilipogundulika kwamba mitambo ya Polaroid, kampuni ya kamera, inapiga picha za vitambulisho vya kupangia Weusi mipaka ya kutembea Afrika Kusini, wafanyakazi wa kampuni hiyo wenyewe, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha upinzani mwaka 1970. Kampuni hiyo ilijiondoa nchini humo mwaka 1977.

Haskell Wexler, mpiga picha wa In the Heat of the Night ya 1967, anasifiwa kwa kuwa miongoni mwa wa kwanza Hollywood kumpangia taa Sidney Poitier, mwigizaji Mweusi, kama mtu anayestahili kupangiwa zake. Alichofanya kinashangaza wengi: alipunguza mwanga. Taa kali ya moja kwa moja juu ya ngozi nyeusi haiileti ngozi, inaleta mng'aro, doa jeupe juu ya paji la uso na puani.

Anayepiga dokumentari leo ana kamera yenye uwezo mkubwa zaidi, lakini makosa ni yaleyale. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, hujaribu kuifanya fremu nzima iwe na wastani wa kijivu cha asilimia 18. Mweke mtu mweusi tii mbele ya ukuta mweupe au dirisha, kamera itafunga tundu la lenzi kwa ajili ya ukuta na uso utazama gizani. Zima otomatiki. Pima mwanga usoni. Badilisha ukuta: bluu iliyoiva, kijani cha majani, hudhurungi, chochote kisichong'aa kuliko uso. Chanzo cha mwanga kiwe kikubwa na laini, tuseme shuka jeupe au fremu ya kitambaa yenye upana wa mita moja na nusu au zaidi, kikae pembeni ya uso na kisogezwe karibu. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa kuakisi, kwa hiyo uso hauhitaji kumwagiwa mwanga. Unahitaji kitu kikubwa cheupe cha kuakisi. Losheni kidogo usoni husaidia kuliko poda, kwa kuwa poda nyingi zilizotengenezwa kwa ngozi nyeupe huacha majivu. Taa za ofisini zenye ukijani zizimwe, la sivyo ngozi inapauka na hakuna mrekebisha rangi atakayeirudisha vizuri.

Wakikaa wawili, mweusi na mweupe, mweusi akae upande wa taa. Ikishindikana, kata mwanga unaomwangukia mweupe kwa wavu au kitambaa, badala ya kumwongezea mwenzake taa nyingine mpaka ang'ae jasho. Kwenye grafu ya mwanga ya kamera, inayoanzia 0 hadi 100, uso mweupe kwa kawaida hukaa kati ya 60 na 70. Uso mweusi unaweza kukaa kati ya 35 na 50 na ukawa sahihi kabisa. Hapa ndipo kosa la upande wa pili linapofanyika. Mhariri mwenye huruma anaupandisha uso wa Mweusi mpaka 70 ili "aonekane", na matokeo yake ni kumchubua mtu kwa kompyuta.

Picha za hifadhi, yaani picha za zamani zilizotunzwa na wengine, zina shida zake, na kubwa ni leseni. Eyes on the Prize, mfululizo wa Henry Hampton kuhusu harakati za haki za Wamarekani Weusi, ulirushwa kuanzia 1987 na ukafikia saa 14 kwa jumla. Ulikuwa umejengwa kwa picha za habari, picha mnato na nyimbo za wengine, na fedha zilitosha kununua haki za miaka michache tu. Zilipoisha katikati ya miaka ya 1990, kazi bora ya aina yake ikawa haiwezi kurushwa wala kuuzwa upya. Ilirudi kwenye televisheni mwaka 2006, baada ya kuchangiwa fedha nyingi za kulipia haki upya. Kwa mtengenezaji, hesabu ni hii: nunua leseni ya dunia nzima, njia zote za kurushia, bila ukomo wa muda, hata kama utalazimika kutumia dakika chache zaidi ya ulizotamani. Dakika tano unazozimiliki daima ni bora kuliko ishirini zitakazokufungia kazi kabatini. Hata maneno yana mwenyewe: DuVernay alipotengeneza Selma, ya 2014, haki za hotuba za Martin Luther King zilikuwa zimeshauzwa kwa kampuni nyingine, ikabidi aandike hotuba mpya zinazofanana na za King bila kuzinukuu.

Shida ya pili ni asili ya picha. Sehemu kubwa ya picha za maandamano na za makoloni zilipigwa na polisi, na serikali, au na mpiga picha wa habari aliyesimama nyuma ya polisi. Ukizitumia bila kusema, unamkalisha mtazamaji palepale. Andika kwenye skrini nani alipiga, wapi, lini. Usichukue umati wa mji mmoja ukauweka kwenye simulizi ya mji mwingine kwa sababu tu "unafanana". Wapinzani wa filamu za namna hii hutafuta kosa kama hilo moja ili wafute zote. Na sauti: picha nyingi za habari za zamani zilipigwa bila sauti. Mshindo wa virungu na mbweko wa mbwa mara nyingi vimewekwa na mhariri. Anayeviweka ajue kwamba anatunga.

Mwendo wa polepole nao una rekodi mbaya. Video ambayo George Holliday aliipiga mwaka 1991, polisi wa Los Angeles wakimpiga Rodney King, dereva Mweusi, ilionekana duniani kote kama ushahidi usiopingika. Mahakamani, mwaka 1992, mawakili wa polisi waliicheza polepole, fremu baada ya fremu, na kila pigo likageuka kuwa swali la pekee: je, hapa mguu haukusogea? Hakuna polisi aliyepatikana na hatia katika kesi hiyo, na Los Angeles ikawaka. Ukionyesha tukio la namna hii, lionyeshe kwanza kwa mwendo wake wa kawaida, bila kulikata. Ukihitaji kulipunguza kasi, fanya hivyo baadaye na useme kwa nini.

Tena si lazima kuonyesha. Mwaka 1955 Mamie Till aliamua mwenyewe jeneza la mwanawe Emmett, mvulana Mweusi wa miaka 14 aliyeuawa na Wazungu, liwe wazi, na picha ikachapishwa kwenye jarida la Jet. Uamuzi ulikuwa wa mama. Chinonye Chukwu, katika Till ya 2022, hakuonyesha mauaji yenyewe, na filamu haikupungukiwa kitu. Kanuni inayofaa kwa dokumentari: familia iulizwe kabla ya uhariri, ioneshwe kipande kilichokatwa tayari, na mwili usirudiwe mara ya pili eti kujaza nafasi chini ya sauti ya msimulizi.

Kwenye mahojiano, soma maandishi chini ya majina. Nani ameandikwa "mwanahistoria" na nani "mkazi"? Filamu nyingi huwapa Weusi kazi ya kuumia na Wazungu kazi ya kueleza. Raoul Peck alilikwepa jambo hili kwa namna ya kijasiri katika I Am Not Your Negro ya 2016: hakumhoji mtu. Alichukua kurasa takriban 30 za kitabu ambacho mwandishi Mweusi James Baldwin hakukimaliza, kuhusu viongozi wa Weusi Medgar Evers, Malcolm X na Martin Luther King, akampa Samuel L. Jackson azisome kwa sauti ya chini isiyofanana na yake ya kawaida. Mtaalamu ni Baldwin, na hakuna anayemkatiza.

Mwisho wa filamu ndio unaosema ukweli kuhusu ilichoamini. Aina inayopendwa na watoa tuzo ni ya gari: Driving Miss Daisy, kisha Green Book, dereva na abiria wa rangi tofauti, safari, ukali unaoyeyuka, urafiki. Zote mbili zilipata Oscar ya filamu bora, na kila moja katika mwaka ambao mwongozaji Mweusi Spike Lee alikuwa na filamu yake: kwanza Do the Right Thing, ambayo haikuteuliwa hata kugombea tuzo hiyo, baadaye BlacKkKlansman, iliyoteuliwa ikashindwa. Filamu ya gari hugeuza ubaguzi kuwa tabia ya mtu, na tabia hupona kwa kufahamiana. Do the Right Thing inaishia kwa nukuu mbili zinazopingana, ya King na ya Malcolm X, na haimchagulii mtazamaji. 13th ya DuVernay inaanzia kwenye kifungu cha katiba ya Marekani kinachokataza utumwa isipokuwa kama adhabu ya uhalifu, na kukifuatilia kifungu hicho mpaka magerezani. Skrini ikizimika, jiulize: ni sheria gani, ofisi gani au bajeti gani imetajwa? Kama jibu ni "hakuna, ila yule mwenye nyumba alikuwa mbaya", umetazama nusu.

Hata filamu nzuri ya kufundishia inahitaji tahadhari hii. A Class Divided ya 1985 inamwonyesha mwalimu Jane Elliott wa Riceville, Iowa, ambaye mwaka 1968, baada ya King kuuawa, aliwagawa wanafunzi wake kwa rangi ya macho. Inawashtua watu ndani ya dakika chache, na ndiyo faida yake. Udhaifu ni kwamba ubaguzi unaonekana kama kitu ambacho mwalimu anakiwasha asubuhi na kukizima keshokutwa. Ioanishwe na filamu yenye sheria ndani yake.

Ukionyesha kwa kundi, mambo machache huharibu mambo mengi. Pata kibali cha kuonyesha hadharani, maana leseni ya kutazama nyumbani haitoshi. Tazama filamu nzima mwenyewe kabla, ukiandika dakika zenye matusi ya rangi na zenye mauaji, uwaambie watu mapema. Kwa mjadala wa saa mbili, kipande cha dakika 20 kinatosha. Filamu nzima ikiisha usiku, watu wanataka kuondoka, na anayebaki kuongea ni yule aliyekuja na jibu lake. Usimgeukie Mweusi pekee aliyemo chumbani na kumuuliza Weusi wanaonaje. Anza na maswali ya kuona kabla ya maswali ya kuhisi: kamera ilikuwa wapi, nani alikatwa katikati ya sentensi, muziki ulianza lini. Kisha rudia kipande kilekile bila sauti. Bila muziki wa kuwaelekeza wasikitike wapi, watu huanza kubishana kuhusu walichokiona, na hapo mwenye kuongoza mjadala anaweza kukaa kimya kwa dakika kadhaa.